"Get" haiishii kwenye "kupata"

Anayeanza kujifunza Kiingereza hapa Goma hukutana na "get" siku za mwanzo kabisa, na huambiwa kwamba maana yake ni kupata. Si uongo. Mama anayeuza maharage soko la Virunga akisema "we get beans from Masisi", anamaanisha maharage wanayapata Masisi. "Get a job" ni kupata kazi, "get malaria" ni kupata malaria. Hata "I get you" ina ndugu yake kwetu: mtu akikueleza jambo likakuingia, unamjibu "nimekupata". Jihadhari tu na mtoto: sisi tunapata mtoto, Mwingereza husema "have a baby".

Kijana mmoja ninayemfundisha jioni aliisoma sentensi "the clothes got wet" akaitafsiri hivi: "nguo zilipata maji". Nikamuuliza, mvua ikizikuta nguo kwenye kamba, nyumbani mnasemaje? Akajibu papo hapo: "Nguo zimelowa."

Hapo ndipo siri yote ilipo. "Get" ikifuatwa na neno la sifa hueleza kitu kutoka hali moja kwenda nyingine, na Kiswahili mara nyingi kina kitenzi kamili cha badiliko hilo. "Get tired" ni kuchoka, "get old" ni kuzeeka, "get angry" ni kukasirika, "get drunk" ni kulewa. Kutafuta "kupata" humo ni kujitesa bure.

Tena kuna kazi ambazo sisi tunaziachia herufi za mwisho wa kitenzi. "Get paid" ni kulipwa, "get robbed" ni kuibiwa. Ile -wa yetu ndiyo "get" yao. Na "I got my phone repaired"? Simu aliitengeneza fundi wa Birere, wewe ulimpelekea tu na kumlipa: uliitengenezesha. Aliyesoma Kifaransa ataitambua "faire réparer". Nadhani tungefundishwa "get" kwa njia hii, kupitia viambishi tulivyonyonya na maziwa ya mama, wengi wangeacha kuiogopa.

Za mwendo ni nyepesi: "get to Sake" ni kufika Sake, "get on" ni kupanda moto (pikipiki), "get off" ni kushuka, "get up" ni kuamka.

Waingereza wenyewe neno hili walilitoa kwa Waskandinavia waliohamia kwao zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Wakati uliopita ni "got". Marekani wana pia "gotten", na kwao tofauti ina uzito: "I've gotten a job" ni nimepata kazi, lakini "I've got a job" ni nina kazi. Sura ni ya wakati uliopita, maana ni ya sasa.

Kwenye barua ya kuomba kazi, punguza "get". Andika "receive" kwa kupokea, "obtain" kwa kupata, "become" kwa kuwa. Mdomoni iache itembee.

Kijana yule nilimwambia aje na sentensi yake mwenyewe, aliyoisikia kwao. Kesho yake alikuja na maneno ambayo mama yake huwaitia wakikawia uani: "Bugali bunapoa!" Chini yake alikuwa ameandika: "The bugali is getting cold."