Mabango ya udereva salama jeshini: maana na kazi yake

Haya ni mabango yaliyobandikwa kambini na kwenye karakana wakati wa Vita Kuu ya Pili, kumhimiza askari aendeshe kwa uangalifu na alitunze gari lake. Majeshi yalikuwa na sababu nzito ya kuyatoa. Uingereza ilipoingia vitani Septemba 1939, taa za barabarani zilizimwa na za magari zikafunikwa, zikaachiwa upenyo mwembamba tu, ili ndege za Ujerumani zisipate shabaha. Mwaka 1941 watu 9,169 walikufa barabarani nchini humo, idadi ambayo haijafikiwa tena mpaka leo. Malori ya jeshi yalipita katika giza hilohilo, na vijana wengi walishika usukani kwa mara ya kwanza baada ya kuvaa sare. Dereva akipinduka kwenye kona, jeshi limepoteza mtu, lori na shehena bila adui kufyatua hata risasi moja.

Bango husomwa na mtu anayepita, kwa hiyo maneno yake ni machache. Abram Games, msanii wa mabango katika jeshi la Uingereza, alishikilia kanuni ya kusema mengi kwa vitu vichache kabisa. Marekani, Will Eisner alimchora Joe Dope, askari mzembe anayeharibu kila chombo anachokabidhiwa. Naona huo ulikuwa werevu mkubwa. Aliyekwisha kuona maiti hatishwi na picha ya fuvu, lakini hakuna askari anayetaka wenzake wamwite Joe Dope.

Hata hivyo, bango lina mpaka wake. Ufaransa mwaka 1944, misafara ya malori ya jeshi la Marekani iliyoitwa Red Ball Express, ambayo madereva wake wengi walikuwa Wamarekani weusi, ilipeleka mafuta na risasi usiku na mchana kwa vikosi vilivyokuwa vikisonga mbele. Amri ilisema mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na kati ya lori na lori ziachwe mita 55 hivi. Mstari wa mbele ulikuwa ukikaukiwa mafuta, basi madereva waling'oa vidhibiti mwendo na kukanyaga moto, macho yamejaa usingizi. Kwa uchovu wa namna ile karatasi ukutani haitoshi. Kilichohitajika ni dereva wa pili wa kupokezana usukani, na malori mengi ya msafara ule yalipangiwa wawili.