Fuvu kando ya Mtoto Yesu si alama ya uchawi

Tangu tuweke mtandaoni chapa zetu za shaba za utoto wa Yesu, yaani picha za kale zilizochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, malalamiko yameongezeka. Wengi wanauliza kwa nia njema: mbona Mtoto amelala juu ya msalaba, mkono kauegemeza kwenye fuvu? Wengine wameshahukumu kwamba ni Freemason. Tumejibu mara nyingi, na tunajibu tena: sivyo. Usingizi ule ni kifo chake kilichotangulizwa utotoni, na fuvu ni mauti aliyokuja kuyashinda.

Chukueni chapa moja ya mchongaji Antonius Wierix wa Antwerpen, mji wa Ubelgiji ya leo, aliyefariki 1604. Moyo wa mwanadamu umechorwa mkubwa kama chumba, na ndani yake Mtoto ameshika ufagio, anafagia nyoka na vyura. Anayewaona nyoka tu hufunga picha akalalamika. Tafadhali, tazameni ufagio unaelekea wapi. Nyoka wanatolewa! Hii ni picha ya kitubio, yaani kuungama dhambi na kusamehewa, iliyopendwa sana na Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki.

Tena michoro hii haikuwa ya kificho. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1563 uliagiza picha isiyo ya kawaida isiwekwe kanisani bila idhini ya askofu. Chini ya chapa nyingi husomeka maneno ya Kilatini *cum privilegio*, yaani mchapishaji amepewa kibali cha serikali. Mchoraji Rubens alipata kibali cha Uholanzi mwaka 1620. Aliyenakili bila ruhusa ndani ya muda wa kibali alitozwa faini na nakala zake zikataifishwa.

Anayetaka kuziona chapa zenyewe aombe kwa maandishi siku saba kabla, aje na kitambulisho, aache begi mlangoni, anawe mikono na kuikausha. Penseli pekee inaruhusiwa. Kalamu ya wino ikikutwa mezani, kadi ya msomaji inazuiwa miezi mitatu. Kalamu hiyo ikigusa karatasi ya chapa, kadi inafutwa kabisa. Hatuna namna ya kulegeza hapo, kwa kuwa wino hautoki.

Limebaki la mkono wa kushoto, linalotuletea barua nyingi kuliko yote. Mtoto anabariki kwa kushoto, basi watu wanashtuka. Bamba likikandamizwa kwenye karatasi, picha hutoka imegeuka. Fundi aliyenakili chapa ya mwenzake moja kwa moja kwenye shaba alipata kulia kumekuwa kushoto. Isimamisheni picha mbele ya kioo, mtauona mkono wa kuume umerudi mahali pake.