"Mungu humsaidia anayejisaidia" haimo katika Biblia

Katika jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki wa Kisumu na Kakamega, msemo huu hutolewa mtu anapoomba msaada, hasa akiwa mgeni aliyevuka mpaka pale Busia kutafuta kibarua. Hunukuliwa kama andiko, lakini si andiko. Maana yake imo katika hadithi za kale za Wagiriki, na Benjamin Franklin aliuchapisha Marekani mwaka 1736.

Wengine hukimbilia 2 Wathesalonike 3:10. Paulo anamkemea asiyetaka kufanya kazi. Aliyeikosa, mgonjwa na kikongwe hawamo.

Walawi 19:9-10 inaonyesha utaratibu wenyewe wa kumsaidia maskini. Mwenye shamba asivune hadi pembeni, wala asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Maskini anakuja kuvuna mwenyewe, kwa hiyo jasho lipo. Lakini kumwachia ni amri, si hisani, na hilo ndilo watu hulisahau.

Mwaka 1931 Papa Pius XI alifundisha kwamba ngazi ya juu isipokonye kazi ambayo ngazi ya chini inaiweza. Basi familia na jumuiya huanza, parokia ikafuata. Serikali nayo ina wajibu pale hao wanapolemewa: bibi wa miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wazee fedha, hajawa mvivu. Na mgeni? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inazitaka nchi zenye uwezo zimpokee kadiri ziwezavyo, naye atii sheria na kuchangia mzigo wa nchi.