Brumesheni ni nini, na kwanini nyoka wako kagoma kula baridi ilipoanza

Kila ikifika mwezi wa 11, kwa wanaofuga nchi za kaskazini ambako baridi ndo inaanza, swali ni lile lile, nyoka wangu alikuwa anakula vizuri tu, panya mmoja kila baada ya siku 10 mpaka 14, sasa nampelekea panya anatoa ulimi mara mbili tatu alafu anageuza kichwa, je anaumwa? Mara nyingi haumwi. Kinachomfanya hivyo kina jina, brumesheni, yaani kupoa na kutulia kwa msimu wa baridi, na ukikielewa vizuri utaacha kumsumbua mnyama wa watu.

Nawaongelea hapa nyoka wa Marekani walao panya, kundi (jenasi) la Pantherophis, yule mweusi mrefu pamoja na ndugu yake koni sneki mwenye rangi ya machungwa ambaye ndo wengi wanaanza naye. Hawana sumu, wanabana windo kwa mwili mpaka life, porini wanakula panya, ndege na mayai na wanapanda miti vizuri sana. Na kwao huko, hasa upande wa kaskazini, kuna baridi ya kweli, theluji inaweza kukaa miezi, sio kipupwe chetu cha Pwani cha kutafuta shuka la pili.

Sa nyoka hana joto lake mwenyewe mwilini. Joto lote analiazima nje, kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye mkeka wa umeme uliomwekea, na tumbo lake linafanya kazi kwa hilo hilo joto. Akiwa na sehemu ya nyuzi 29 au 30 ya kulalia, panya anayeyuka siku chache tu. Akipoa sana tumbo linasimama, yaani linasimama kweli, na panya aliyeko ndani anaanza kuoza humo humo, gesi inajaa, bakteria wanazaliana, na nyoka anaweza kufa kwa chakula kizuri kabisa ulichompa kwa upendo. Ndo maana porini baridi ikikaribia wanaacha kula mapema wenyewe, wanamaliza kilichomo tumboni, alafu wanaingia kwenye nyufa za miamba au mashimo marefu chini ya pale udongo unapoganda na kukaa humo mpaka mwezi wa 3 au wa 4. Wengine wanalala shimo moja na nyoka wenye sumu wa huko, kila mtu na baridi yake.

Hiyo hali ya kupoa na kutulia ndo brumesheni. Neno limetoka kwenye Kilatini bruma, majira ya baridi, na aliyeliingiza kwenye sayansi ni Mmarekani Wilbur Mayhew mwaka 1965 akiwazungumzia mijusi wa jangwani. Aliona kulala kwa mamalia wakati wa baridi ni kitu kingine, manake mamalia ana moto wake ndani ameushusha tu, anaendelea kuchoma mafuta yake taratibu, lakini reptilia, yaani jamii ya nyoka, mijusi na kobe, anapoa pamoja na mazingira, na siku ikipata kajoto anaweza kusogea, kunywa maji, akarudi. Usichanganye pia na kamongo wa Ziwa Victoria anayejizika kwenye tope, yule anakimbia ukame, huyu anakimbia baridi.

Utasema lakini wangu yuko ndani ya nyumba, joto lipo. Ndio, ila siku zinafupika, mwanga wa dirishani unapungua, usiku nyumba inapoa, na yeye anajua. Wangu ni dume mweusi wa mita moja na nusu hivi, kipindi cha joto anamrukia panya kabla koleo halijafika katikati ya kizimba. Mwezi wa 11 nikaweka panya yule yule, kaliwa na nani, asubuhi namkuta pale pale mlangoni kwa kijumba chake, manyoya yameshalowa, na pua ya nyoka imechungulia kwa nyuma kama sentimita moja, ametulia kabisa. Nikamuondoa panya, nikasubiri wiki mbili ndo nikajaribu tena. Nilimpima kwa mizani ya jikoni mwezi wa 10 akawa gramu 640, mwezi wa 1 gramu 622. Huo upungufu ni mdogo mno, nyoka mkubwa mwenye afya anabeba njaa ya miezi miwili bila shida.

Kinachoua ni nusu nusu. Mtu anaona nyoka hali, anazima joto ili alale, wakati wiki iliyopita alikula. Hapana jamani. Chagua moja, ama umwachie joto lake mwaka mzima, umpe maji safi, ujaribu chakula kidogo kila baada ya wiki mbili mpaka hamu irudi, ama kama unataka kumpoza kwa sababu ya kuzalisha basi kwanza unaacha kumlisha wiki mbili tatu joto likiwa LIMEWASHWA tumbo liwe tupu kabisa, ndo unashusha taratibu mpaka nyuzi 10 mpaka 13. Asiyezalisha hana haja ya kumpoza. Na mtoto ambaye hajafika mwaka usimpoze, hana akiba mwilini, mlishe vipanya vyake ambavyo havijaota manyoya.

Na kabla hujasema ni msimu angalia macho, yakiwa na ukungu wa bluu anakaribia kuvua gamba, hapo pia hawali. Jike mwenye mayai naye hali. Ila akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, akipumua mdomo wazi, akitoa makamasi au akitapika, huo sio msimu tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, na mwambie joto la kizimba ni nyuzi ngapi maana ndo swali lake la kwanza.

Hamu ikirudi anza na panya mdogo kuliko kawaida, kama ni wa kwenye friza awe ameyeyushwa barafu vizuri mpaka katikati, alafu usimshike siku mbili. Ila dume anaweza kugoma tena mwezi wa 4 akitafuta jike, anazunguka kioo usiku kucha na chakula hakitazami.