Neva za ubongo zikikatika, huota tena?

Nilijikata kidole, ganzi ikaisha baada ya miezi. Mbona mgonjwa wa kiharusi haponi hivyo?

Neva za mikononi na miguuni huota upya, kama milimita 1 kwa siku. Ikikatika kwenye kiwiko, kufika ncha ya kidole ni zaidi ya mwaka. Kwenye ubongo na uti wa mgongo, uzi wa neva uliokatika huchipua kidogo, kisha hukwama.

Kwa sababu seli za mtu mzima zimechoka?

Hivyo ndivyo wengi walivyoamini kwa miongo mingi. Mwaka 1981, huko Montreal, Kanada, watafiti Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya mzima wakakipandikiza kama daraja: ncha moja kwenye shina la ubongo, nyingine kwenye uti wa mgongo. Nyuzi za neva zikaingia humo zikaota kama sentimita 3. Zilipotoka upande wa pili na kurudi ndani ya uti wa mgongo, zikasimama baada ya milimita chache tu. Seli ni zilezile, njia ndiyo ilikuwa tofauti. Kwangu mimi jaribio hili linasema mengi kuliko vitabu.

Njia hiyo ina nini?

Ina vizuizi. Mielini, ile ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za ubongo, hubeba protini iitwayo Nogo-A inayozuia uotaji; mtafiti Martin Schwab wa Zurich, Uswisi, ameichunguza kwa miaka mingi. Jeraha nalo huacha kovu. Tena seli yenyewe ikikomaa, nguvu yake ya kuota hupungua. Panya wamesaidiwa kwa kuzima vizuizi hivyo. Kwa binadamu, bado hakuna dawa ya kawaida hospitalini.

Mama alipooza mkono, sasa anausogeza. Kimeota nini?

Si nyuzi ndefu zilizokatika. Uvimbe umepungua, na neva zilizosalimika zimetoa vitawi vifupi na kuunganishwa upya. Vitawi hivyo hufuata matumizi, hasa miezi ya mwanzo: kushika kikombe, kukunja kanga, kurudia tena na tena kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Akihangaika na kifungo cha blauzi, msimfungie haraka kwa huruma.

Na vidonge vya "kufufua mishipa ya fahamu"?

Havifufui. Hela hiyo inunue dawa zake za presha.