Vihisi vya Nyumbani na Mwendo wa Mwenye Multipo Sklerosisi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kipimo cha kliniki kinatosha.

Katika multipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia mielini, yaani ala inayozifunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, na kutembea ni miongoni mwa mambo yanayodhurika zaidi. Kliniki, mgonjwa huombwa atembee futi 25, sawa na mita 7.6 hivi, kwa kasi yote anayoimudu bila kuhatarisha usalama wake, huku muda ukihesabiwa. Kipimo hicho ni kizuri, tena hakihitaji zaidi ya saa na ukumbi ulionyooka. Hata hivyo, kinachopimwa pale ni uwezo wa sekunde chache mbele ya mhudumu, wala si safari ya jioni kutoka jikoni hadi msalani, uchovu umekwisha kumlemea mtu na mkono unaambaa ukutani. Joto la mwili likipanda, dalili nazo huzidi kwa muda, jambo lililopewa jina la tabibu wa macho Mjerumani Wilhelm Uhthoff, ambaye mwaka 1890 alieleza jinsi uoni wa wagonjwa ulivyofifia kwa muda baada ya mazoezi. Ndiyo maana mtu yule yule anaweza kutembea vyema asubuhi na kuburuta mguu alasiri.

Dhana: Kasi ya nyumbani inayopimwa na kihisi, yaani kifaa kinachonasa mwendo, ikiwa ndogo kuliko ya kliniki, ugonjwa umezidi.

La hasha. Nyumbani watu hutembea hatua chache, hukata kona, hukwepa viti na hawana haraka, kwa hiyo kasi hupungua hata kwa mtu mwenye afya. Cha kulinganishwa ni nyumbani na nyumbani, wiki kwa wiki.

Dhana: Kihisi ni kamera iliyofichwa.

Vingi si kamera. Vipo vinavyofungwa kiunoni au kwenye kifundo cha mguu, vikipima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na mzunguko wa kiungo, na vipo vya ukutani vinavyotuma mawimbi hafifu ya redio, kisha vikakokotoa mahali mtu alipo kutokana na mawimbi yanayorudi baada ya kugonga mwili wake. Sura haionekani. Lakini wanaotumia hoja hiyo kuwatuliza watu wanarahisisha mno, kwani rekodi ya saa unazoamka usiku na mara unazokwenda msalani ni siri yako hata kama haina picha. Mgonjwa ana haki ya kujua nani ataisoma. Na kwa kuwa kihisi cha ukutani hunasa mwendo wa kila apitaye, jamaa wanaoishi naye nao wanapaswa kuulizwa.

Dhana: Kuhesabu hatua kunatosha.

Saa ya mkononi hutegemea sana mkono unaopunga. Mkono ulioshika fremu ya kutembelea haupungi, na hatua za polepole huachwa bila kuhesabiwa. Isitoshe, idadi haisemi lolote kuhusu urefu wa hatua wala kuyumba.

Dhana: Kihisi kitamwambia mgonjwa kwamba ugonjwa umerudi.

Kihisi huona mwendo umepungua, hakijui sababu. Huenda ni goti linalouma, maambukizi ya mkojo, au huzuni inayomfanya mtu asitake kuinuka. Udhaifu mpya wa mguu unaodumu zaidi ya saa 24 unahitaji kupelekwa kwa daktari, hata kama grafu ya kihisi haijabadilika.