Ganzi ya Vidole kwa Wachapaji wa Steshenari

Ukipita karibu na Soko la Mwanga, Kigoma, msimu wa maombi ya kazi, utakuta watu wamejaa steshenari: huyu barua, yule wasifu, mwingine kopi za vyeti. Wateja kumi, mchapaji mmoja, tangu asubuhi. Majibu haya ni kwa ajili ya huyo mchapaji.

Usiku naamka vidole vimekufa ganzi. Ni kibodi?

Dada yangu, kwanza niambie ni vidole vipi. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kile cha pete, huku kidole kidogo kikiwa salama, basi huenda ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Unapita kwenye njia nyembamba pamoja na kano 9 za vidole. Pakivimba kidogo tu, unabanwa. Ganzi ikiwa ya kidole kidogo, tazama kiwiko: pengine unakiegemeza kwenye ukingo wa meza kutwa nzima. Kibodi tusiibebeshe lawama zote. Ujauzito, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo mno huleta ganzi hiyohiyo.

Meza ni ya seremala, kiti cha plastiki. Nifanyeje?

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, na kiti cha plastiki ni kifupi. Ukikaa, mabega yanapanda na viganja vinakunjika kwenda juu. Vitufe vinatakiwa viwe usawa wa kiwiko, mkono unyooke kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kunja kitenge mara kadhaa uweke kitini. Miguu ikining'inia, iwekee kipande cha ubao. Ukiwa na uwezo, mwambie seremala akutengenezee kirafu cha kibodi chini ya meza; kazi ndogo hiyo.

Anayetumia laptopu aipandishe juu ya rimu za karatasi, kisha achomeke kibodi ya pembeni. Bila hivyo atachagua shingo iume au mikono.

Na vimiguu vya nyuma ya kibodi?

Vikunje. Vinamfaa anayetafuta herufi kwa macho, ila vinakunja kifundo.

Zile kibodi zilizogawanyika katikati zinasaidia?

Microsoft walitoa yao mwaka 1994. Kwenye kibodi ya kawaida mikono huingia kwa mshazari, kisha viganja vinapinda kuelekea upande wa kidole kidogo. Ikigawanywa, mkono unanyooka. Wengi huona raha, lakini si dawa ya ganzi. Mimi ningeanza na kibodi fupi isiyo na sehemu ya namba, ili mausi isogee karibu na bega lisivutwe. (Kama unachapia walimu matokeo ya wanafunzi, hapo utanilaani.)

Nimekuwa nikimeza diklofenaki. Inatosha?

Inatuliza maumivu, mshipa unabaki umebanwa. Na ukiizoea, tumbo na figo vitadai chao. Usiku funga kifundo kwenye bandeji yenye kibao ili kisijikunje usingizini. Ganzi ikidumu wiki kadhaa, nenda ukapimwe. Ukianza kuangusha vikombe, au nyama ya chini ya gumba ikibonyea, usingoje msimu wa maombi uishe.